Laini Iliyo kwa Jina la Lako

Gumbo, Juba
9 Februari 2025

Kaka Levi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi na jua. Mimi na Lilly tu wazima. Lilly ameingia darasa la nne na mwalimu analalamika kwamba anaongea sana, kwa hiyo hakuna ubishi kuwa ni damu yetu. Mama mkwe bado anagombana na kuku wa jirani. Mimi bado nasimamia wafuaji wa mashuka pale hotelini Hai Jalaba, kila siku kuvuka daraja asubuhi na kulivuka tena jioni. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie mke wako Zilpah amzuie kubeba maji. Namjua Mama, ukigeuka tu ameshika ndoo.

Najua umeshangaa kupata barua, tena imeletwa na Mukasa wa malori kama vile tumerudi enzi za babu. Sina simu, kaka. Nimeibiwa namba.

Siyo simu yenyewe. Simu ninayo hapa mkononi, imebaki kuwa tochi. Kilichoibiwa ni namba. Tarehe ishirini Januari alinipigia mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Akasema anatoka kampuni ya simu, na kwamba laini yetu imechaguliwa kwa kuwa ya siku nyingi. Nilitaka kukata. Hao huku tumewazoea, kila siku mmoja anakuuzia milio ya simu, mwingine bima, mwingine mstari wa Biblia wa kila asubuhi, na salio linakwisha hujui limekwenda wapi. Ndipo akasema, "Hii ni laini ya Bwana Lako Jubek, sivyo?"

Levi, moyo ulinipasuka. Miaka miwili na zaidi tangu mume wangu aende kuchimba dhahabu upande wa Kapoeta, na sijasikia mtu mgeni akilitamka jina lake. Nilidhani ana habari. Nikasema ndiyo, ndiyo, ni yake. Akaniambia nimsomee tarakimu zitakazoingia kwenye ujumbe. Nikamsomea zote, polepole, asikosee. Baada ya saa moja laini ikafa.

Wewe unajua kwa nini nalia juu ya namba. Lako aliisajili kwa kitambulisho chake, maana pasipoti yangu wakati ule ilikuwa imeisha, na alipoondoka akaniachia. Ni namba pekee anayoijua kwa kichwa. Siku ya kuzaliwa ya mwanawe haikumbuki, lakini namba hiyo hata ukimwamsha usingizini atakutajia. Akipiga leo, atapokelewa na nani?

Nijibu kwa Mukasa. Anapita kwako Bungoma kila mwezi, amesema wewe ndiye unayemchomelea tela.

Dada yako,
Millicent


Bungoma
3 Machi 2025

Mili mdogo wangu,

Barua imefika ikinuka dizeli. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepungua kuvimba, na ndoo tumemficha. Kazi ya kuchomelea iko, ingawa umeme unakuja kama mgeni, unapiga hodi na kuondoka.

Sasa nimeelewa. Tarehe ishirini na mbili Januari nilikutumia ujumbe, "Ni kaka, Lilly hajambo?", kumbe uliusomwa na mwizi. Tarehe ishirini na tatu Januari nilipata ujumbe kutoka namba yako: "Kaka Lilly ameanguka tuko hospitali tuma haraka." Ulitaka nifanye nini? Nilituma karo ya kijana wangu, yote, na bado yuko nyumbani ananitazama. Walipoomba tena nikapiga. Akapokea mwanamume, akanitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ambayo Mama anaweza kuiona. Mwezi mzima nilidhani umepatikana na jambo baya, na kila namba ya huko niliyopokea ilikuwa ya mwizi mwingine mwenye hadithi nyingine.

Kwa hiyo nimekata shauri. Namba yoyote ya Sudan Kusini sipokei, iwe imekopwa kwa pasta, iwe ya balozi. Mtu wa namba nyingine yoyote akinipigia na hadithi ya huruma nitampa vidonge vyake. Nitaamini mwandiko wako tu. Hiyo "k" yako inayotaka kuanguka naijua tangu darasa la pili, hakuna mwizi anayeweza kuiiga.

Na kwa nini usirudi nyumbani? Chumba kipo. Nauliza tu.

Nenda kwa hiyo kampuni uwapigie kelele.

Levi


Gumbo
6 Aprili 2025

Kaka Levi,

Pole kwa karo. Sikujua. Nimesoma mstari huo nikakaa chini. Mwambie kijana anisamehe. Lilly amekuwa na malaria lakini imeondoka, na Mama mkwe anawasalimu.

Nilianza kwa kupiga huduma kwa wateja kwa simu ya Awien tunayefua naye. Muziki. Bonyeza moja. Muziki. Sauti ikasema mimi ni mteja muhimu sana, halafu ikakata. Tulifanya hivyo mapumziko ya chakula siku nne, mpaka Awien akaujua ule wimbo na kuuimba akianika mashuka.

Basi nikaomba ruhusa nikaenda ofisini kwao mjini. Foleni tangu saa mbili. Kwenye dirisha nikamkuta kijana Mkenya, Douglas, na nikafurahi, nikasema huyu ni wa kwetu. Nikamweleza yote. Akaandika, akasema, "Sawa dada, tumepokea lalamiko lako. Tutakupigia."

"Kwa namba gani?"

"Hii hii unayolalamikia. Ndiyo iko kwa system."

"Douglas, hiyo namba iko kwa mwizi."

"Naelewa, dada. Lakini system haikubali namba nyingine."

Nikamwambia aniitie huyo system niongee naye uso kwa uso. Watu wa nyuma wakacheka. Yeye hakucheka, aliona haya, na hapo nikajua si mtu mbaya. Akageuza kioo cha kompyuta yake nione. Laini ni ya Lako Jubek. Anayeweza kuidai ni Lako Jubek, aje mwenyewe na kitambulisho.

Nikasema hayupo. Akauliza yuko wapi. Nitasema yuko wapi? Akashusha sauti, akaniambia, "Dada, kama mwenye laini amefariki, ni rahisi. Leta karatasi ya chifu, imetiwa kidole na mtu wa ukoo wake, na sahihi yako. Tunafunga jina lake, tunakupa namba. Siku thelathini hadi sitini."

Ni rahisi! Nikitaka kumngojea mume wangu, sharti kwanza nimzike. Nilitoka nje nikavuka daraja kwa miguu, nikiwatukana watu wasiokuwepo. Sitaweka sahihi. Nimekuandikia ili uwe shahidi kwamba nimesema hivyo.

Millicent


Bungoma
18 Mei 2025

Mili,

Salamu. Mahindi yamefika magotini. Mama hajambo. Zilpah hajambo. Kijana amerudi shule.

Nimechelewa kujibu, Mukasa alinisubiri hapa nusu siku nikamwambia aende tu, atanikuta safari ijayo. Kazi zilikuwa nyingi.

Hiyo karatasi ya chifu usiiwekee sahihi. Ulisema vizuri. Subiri.

Wezi wamenipigia tena, lakini hayo tuyaache.

Hivi Lako ana ndugu yeyote Lokichogio? Nauliza tu.

Levi


Gumbo
29 Juni 2025

Levi,

Barua yako ilinikuta nimetoka kwa chifu siku hiyo hiyo, hata wino haujakauka kidoleni kwa Mama mkwe. Umenipa mistari sita baada ya miezi miwili. Lako hana ndugu Lokichogio. Ungekuwa na neno la kuniambia, ungeniambia.

Nikueleze kwa nini nimefanya nililoapa sitalifanya. Nyakong wa kanisani alikuwa safarini, hakujua kuhusu namba, akanipigia. Akapokea mwanamume. Nyakong akauliza, "Millicent yuko?" Yule akajibu, "Yuko bafuni, mimi ni mume wake, sema shida yako." Alisema kwa mzaha, labda ndivyo wanavyowavuta watu. Sijui. Nyakong alikuja hapa mbio kunipongeza, eti Lako amerudi.

Tangu hapo sikulala. Nilikuwa nadhani Lako akipiga atakuta kimya. Kumbe akipiga atamkuta mume wangu. Kila siku inayopita na namba iko kule ni siku ambayo anaweza kuambiwa hivyo. Sasa niambie, nilinde jina lake kwenye karatasi, au nilinde namba?

Mama mkwe alikataa wiki tatu. Kiswahili chake unakijua, kile cha kambini Uganda. "Mimi hapana weka kidole. Lako iko. Mtoto yangu hapana kufa sababu ya simu." Nikamweleza tena na tena. Mwisho, asubuhi moja akavaa nguo ya kanisani, akasema, "Twende."

Chifu akapiga mhuri. Tulidhani imeishia hapo. Lakini chifu akipiga mhuri wa kifo, chifu anatangaza kifo. Asubuhi iliyofuata nimefungua mlango nikawakuta wanawake wa kanisa wameshatandaza mikeka uani, wanaume wanafunga turubai, sufuria zinashushwa kwenye bajaji. Bika, wanavyoita huku, matanga kamili. Watu wanalia, Levi. Wengine wamekuja kutoka Atlabara kwa miguu. Ningewaambia nini? Kwamba ni kwa ajili ya laini? Kwamba wafute machozi, tulikuwa tunatafuta namba tu?

Nilikaa kwenye mkeka siku tatu. Lilly akaniuliza kama baba amekufa, nikamwambia hapana, halafu pasta akasimama na kusema ndiyo. Mama mkwe hakukaa na wafiwa hata dakika moja. Alikaa jikoni akiwapikia watu, na kila aliyempa pole alimwambia, "Kula."

Namba haijarudi. Douglas anasema subiri siku sitini.

Millicent


Bungoma
27 Julai 2025

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Simu ninayo, na hotelini kwenu kuna simu ya mapokezi, ningeweza kupiga ukaitwa. Lakini neno hili siwezi kulisema nikikusikia unavyopumua. Nimeliandika mara nne nikachana. Hii ni ya tano.

Lako alinipigia.

Ilikuwa Jumamosi tarehe tatu Mei. Namba ilikuwa ya hapa Kenya, ndiyo maana nilipokea. Akasema, "Nasib, ni mimi, Lako." Unajua anavyopenda kuniita hivyo, shemeji kwa Kiarabu chenu cha Juba. Nikajiambia haya, hawa sasa wamejifunza hadi jina hilo, na kweli wana laini yake, kwa nini wasijue. Sauti ilikuwa imekauka, mtandao unakatika. Akasema amepata namba yangu kwenye risiti ya dereva niliyemchomelea bampa. Akasema alipiga kwako kwanza, akapokea mwanamume. Akauliza, "Millicent yuko wapi?"

Mili, nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu Januari. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia mwizi atakayenipigia tena. Nikamwambia, "Millicent ameolewa. Mume wake ni askari, yuko hapa mbele yangu, endelea kuongea nikupe yeye." Akauliza, "Na Lilly?" Nikasema Lilly ana baba mpya na amemzoea. Wateja walikuwa wamesimama pale, wakacheka, na mimi nikaona raha. Nikazidi. Nikamwambia atafute mjinga mwingine.

Akasema, "Sawa, nasib. Ile ng'ombe yako ya jicho moja, ilizaa?" Nikakata.

Jioni nilikuwa nakamua huyo ng'ombe. Nikaacha kukamua. Hakuna mwizi wa Juba anayejua ng'ombe wangu ana jicho moja.

Nilipiga ile namba. Akapokea mwenye kibanda cha simu, Lokichogio kule mpakani. Akasema watu wengi wanapigia simu kwake, lakini huyo anamkumbuka, mrefu, mkono mmoja umefungwa, alikaa kwenye benchi muda mrefu baada ya kuongea. Halafu akapanda lori. Hakumwambia mtu anakokwenda. Nilipiga kila siku wiki mbili. Nikaenda mwenyewe, nilimdanganya Zilpah kuwa nimefuata vyuma Eldoret. Sikumpata.

Nilitaka nimpate kwanza ndipo nikuambie. Ndiyo maana nilisema usisaini na sikusema kwa nini. Niliona haya, mdogo wangu. Nimeona haya hadi umemfanyia matanga mtu niliyeongea naye.

Rudi nyumbani. Nitakulea wewe na mtoto mpaka nife.

Levi


Gumbo
31 Agosti 2025

Kaka Levi,

Sisi tu wazima. Mwambie Mama nimepata salamu zake za kinywa kwa Mukasa. Usimwambie mengine.

Barua yako niliisoma nimesimama karibu na mapipa ya kufulia. Awien anasema nilipiga kelele, mimi sikujisikia. Nilipofika nyumbani nikamsomea Mama mkwe. Aliniomba nirudie pale pa mkono kufungwa. Akauliza ni mkono upi. Nikamwambia Levi hakuuliza. Akasema, "Lako iko," akaenda kulala mapema.

Laini imerudi tarehe ishirini na moja. Iko kwa jina langu. Siku iliyofuata nilienda kwa Douglas kumwambia mwenye laini yu hai, kuna mtu ameongea naye, wafute ile karatasi. Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Dada, si umepata namba? Hiyo faili imefungwa. Haifunguliwi na mtu mwingine, labda mwenyewe aje na kitambulisho." Nikamuuliza akija itakuwaje. Akabonyeza-bonyeza, akasema kitambulisho chake kinaleta alama ya marehemu, kwa hiyo hawezi kuhudumiwa. Yaani Lako akija kusema hajafa, ataambiwa amekufa, akalete mwenye laini. Nikacheka pale dirishani mpaka askari wa mlango akaja.

Kwa chifu ni vivyo hivyo. Anasema hajawahi kufuta mtu, hata mhuri wake hauna neno hilo.

Sasa uelewe kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Nikiongea na wewe, laini itakuwa na shughuli, na dakika hiyo hiyo anaweza kupiga. Sipigi kwa mtu yeyote. Napokea tu.

Na wanapiga, kaka. Wale wezi waliitumia namba kila mahali, sasa iko kwenye kila orodha ya waongo. Kabla sijavuka daraja wameshapiga watano. Milio, bima, bahati nasibu, mikopo, dawa ya nguvu za kiume. Wapo pia waliotapeliwa kupitia kwangu, wanapiga kunilaani. Siwezi kukata, siwezi kuzima, siwezi kumpa Lilly ashike nikiwa naoga, maana ikipokewa na sauti nyingine mambo yameharibika tena. Lazima sauti iwe yangu. Nikipokea simngoji mtu aseme kitu. Nasema, "Ni Millicent. Sijaolewa. Lilly hana baba mwingine. Rudi nyumbani." Halafu ndiyo nasikiliza. Wengi wanacheka. Msichana mmoja wa bima alisema, "Pole, mama," akakata. Juzi mwanamume mmoja alinisikiliza, akasema, "Ndiyo, mpenzi, narudi, nitumie nauli." Nilijua si yeye. Sauti haikuwa hata karibu. Lakini nilimwacha aendelee kuongea, Levi. Nilimwacha mpaka salio lake likaisha.

Unasema nirudi Bungoma. Laini hii ikivuka mpaka wa Nimule inakufa, kampuni yao haina mnara hata mmoja nje ya nchi. Usiniambie tena kuhusu chumba.

Sijui kama nimekusamehe. Nikikaa na hasira nakumbuka karo uliyotuma bila kuuliza, hasira inakosa pa kusimama, halafu nakumbuka "amemzoea" na inasimama tena. Nitakuambia siku Lako akiingia hapa uani.

Lakini kuna kazi nakupa, nawe utaifanya. Namba yako anayo, ile ya kwenye risiti. Ndiyo hiyo uliyoandika kwenye mlango wa karakana, usiifute wala usiibadilishe. Pokea simu zote. Za Kenya, za huku, za kokote. Anayesema ni mjomba wako aliyekwama mpakani, mwitikie mjomba. Anayesema umeshinda gari, mshukuru. Usimtukane hata mmoja, usimfanyie mzaha hata mmoja, na yeyote akijiita Lako mwambie dada yangu anakungoja, halafu umuulize ni mkono upi. Wakikudanganya, danganyika. Afadhali uibiwe kila mwezi kuliko kumfukuza mara ya pili.

Dada yako,
Millicent